Mwanga laini si mwanga hafifu

"Punguza mwanga kidogo, uwe laini." Kauli hii husikika karibu kila mahali watu wanapopiga picha kwa mwanga wa asili. Ikishatamkwa, mmoja hufunga pazia zito, mwingine humsogeza anayepigwa picha hadi kona ya chumba, wa tatu husubiri jua lichwee. Picha ikitoka ina chenga tele, yaani vidoadoa vya picha iliyokosa mwanga, na kivuli cha pua kimebaki shavuni kama kilivyokuwa. Mwanga umepungua kweli, lakini haujalainika.

Maana yenyewe ni fupi. Mwanga laini ni ule unaotoa kivuli ambacho ukingo wake hufifia polepole, kiasi kwamba huwezi kuonyesha kwa kidole mahali kivuli kinapoishia. Kinachouamua ni ukubwa wa chanzo cha mwanga kama kinavyoonekana kutoka pale alipo anayepigwa picha. Mwanga uwe mwingi au kidogo, hilo ni jambo jingine.

Mkanganyiko umeanzia kwenye neno "kali". Kwa Kiswahili kitu kikali kina kinyume kinachobadilika kulingana na kitu chenyewe. Kisu kikali, kinyume chake ni butu. Mbwa mkali, kinyume chake ni mpole. Chai kali, kinyume chake ni nyepesi. Sasa mwanga mkali kinyume chake ni nini? Hapo neno linabeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Jua la saa sita huitwa kali kwa sababu ni jingi, linachoma, linaumiza macho. Na ni kali pia kwa maana ile ya kisu: lina makali, linakata kivuli kwa mstari. Maana ya kwanza kinyume chake ni "hafifu", neno lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu chepesi, kisicho na uzito. Maana ya pili kinyume chake ni "laini", nalo la Kiarabu, la kitu kisichokwaruza. Wenye lugha tulipokea maneno mawili, kila moja na kazi yake. Tatizo ni kwamba mtu akisikia "mkali" anashika kinyume chochote kilicho karibu, na "laini" ndilo tamu zaidi mdomoni.

Laiti tungesema "mwanga wenye makali" kwa ule unaokata kivuli, tukauacha "mwanga mkali" ubaki kuwa mwanga mwingi, ubishi mwingi ungekwisha. Makali ya kisu yako ukingoni. Makali ya mwanga nayo yako ukingoni mwa kivuli, na hapo ndipo pa kutazama.

Ukingo huo unapimika. Chukua penseli, simama juani anga likiwa safi, iweke sentimita 10 kutoka kwenye karatasi nyeupe iliyoelekezwa juani. Kivuli kina kiini cheusi na pembeni pana ukungu mwembamba wa kama milimita 1. Iondoe penseli hadi mita 1. Ukungu umepanuka kufikia karibu milimita 9, na kwa kuwa penseli yenyewe haizidi milimita 8, kiini cheusi kimetoweka kabisa, limebaki doa la kijivu. Jua halijabadilika. Kinachoonekana hapo ni hesabu ya kugawanya: jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.39, na liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi. Gawanya, utapata kama 0.0093. Zidisha kwa umbali kati ya kitu na kivuli chake, umepata upana wa ukungu.

Hesabu hiyohiyo ipeleke usoni. Pua imetokeza kama sentimita 2 kutoka shavuni. Chini ya jua tupu, ukungu wa kivuli chake una upana wa milimita 0.2, ndiyo maana kivuli kinaonekana kama kimechorwa kwa wino. Sasa mweke mtu huyo mita 1 kutoka kwenye dirisha lenye upana wa mita 1, linaloangalia anga wala si jua. Gawanya mita 1 ya upana kwa mita 1 ya umbali, ni 1; zidisha kwa sentimita 2, ni sentimita 2. Ukungu umekuwa mpana kama pua ilivyotokeza, kivuli hakina tena mahali pa kuishia. Msogeze hadi mita 4 kutoka dirishani, na ukungu unashuka hadi nusu sentimita. Amepata mwanga mdogo zaidi na wenye makali zaidi, vyote kwa pamoja. Ndicho anachopata kila anayesogezwa kwenye kona ya chumba ili "mwanga ulainike".

Anayebaki na shaka na atazame mshumaa. Mwali wake una upana wa kama sentimita 1. Ukiwa mita 1 kutoka usoni, mgawanyo ni 0.01, karibu sawa na wa jua. Kwa umbali huo mshumaa mmoja hutoa takriban luksi 1, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Jua la mchana, anga likiwa wazi, hufikia luksi 100,000. Tofauti ya kiasi ni mara laki moja, na makali ya kivuli ni yaleyale.

Upande wa pili yapo mawingu. Anga likifunikwa lote, mwanga hushuka hadi luksi 10,000 au zaidi kidogo, ambao bado ni mwingi kuliko chumba chochote cha kawaida, na ni laini kwa sababu chanzo sasa ni anga zima. Huo ndio mwanga laini ulio mwingi, na unaruhusu mambo ambayo giza haliruhusu. Jua tupu kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi f/16 (namba ya f ikishuka, tundu hupanuka) huhitaji muda wa kupokea mwanga wa sekunde 1/100 hivi. Mawingu mazito hupunguza hatua tatu, kila hatua ikiwa nusu ya mwanga uliotangulia: tundu f/5.6, muda uleule, ISO ileile, na picha ni safi. Chumba kilichofungwa pazia zito hakina nafasi hiyo. Kamera hupandisha ISO hadi 3200 na kurefusha muda hadi 1/15. Chenga zinatoka kwenye ISO, mtikisiko unatoka kwenye muda, na mpigaji analaumu simu yake.

Pazia linahitaji neno la peke yake, maana ndilo linalosifiwa bila kueleweka. Pazia jeupe jepesi hulainisha mwanga pale tu jua linapolipiga moja kwa moja. Hapo kitambaa chote kinawaka, na chanzo kinakuwa pazia lenye upana wa mita nzima badala ya duara la jua lenye upana wa nusu nyuzi (nusu digrii) tu angani. Ila kama dirisha halipigwi na jua, chanzo tayari ni anga linalojaza dirisha, na pazia litakachofanya zaidi ni kukunyima mwanga. Livute pembeni. Tena liwe jeupe kweli: pazia la rangi ya krimu au kijani litapaka ngozi rangi hiyo, na kuirekebisha baadaye ni kazi. Na kioo cheusi cha dirisha, kama kilivyo kioo cha miwani ya jua, hupunguza mwanga bila kugusa makali yake hata kidogo. Weka miwani ya jua kati ya jua na karatasi yako ya penseli, utaona kivuli kimepoa lakini ukingo uko palepale.

Jua la kuchwea ndilo linalozua ubishi mwingi zaidi, na anayesema ni laini ana nusu ya haki. Jua lililo chini ni la nusu nyuzi kama la saa sita. Likipita kwenye anga safi, kivuli cha pua bado kina ukingo wake, kimelala ubavuni tu. Kilichobadilika ni uwiano: jua limepungua nguvu, mwanga wa anga la samawati umebaki, kwa hiyo ndani ya kivuli si peusi kama mchana. Kivuli kimepauka. Kupauka kwa kivuli na kufifia kwa ukingo wake ni mambo mawili tofauti. La kwanza unalipata pia kwa kuweka ubao mweupe, tuseme sentimita 60 kwa 90, upande wa kivuli karibu na uso. La pili huwezi kulipata bila kukuza chanzo au kukisogelea. Jua likishazama kabisa, anga lililobaki ndilo chanzo, na hapo ulaini ni wa kweli. Ila una dakika chache kabla ISO haijaanza kupanda.

Jingine ni kwamba ulaini hausemi mwanga unatoka wapi. Chini ya mawingu mwanga mwingi unatoka utosini, na macho hugeuka mashimo ingawa hakuna kivuli chenye ukingo popote. Msogeze mtu chini ya kingo ya paa au ya mti, uso ukielekea kwenye uwazi, ili kile kilicho juu kizibe mwanga wa utosini na anga la mbele ndilo limmulike. Hatua moja ndani ya kivuli inatosha, tatu zinampeleka gizani. Rangi hapo itaelekea samawati, basi weka mizani ya rangi ya kamera (white balance) kwenye alama ya kivuli, na kama ni ndani ya nyumba zima taa za balbu, zisichanganye njano yake na weupe wa dirisha.

Wala laini si jina lingine la mzuri. Anayepiga picha ya kitambaa ili ufumaji uonekane, au ya ubao ili nyuzi za mti zionekane, anahitaji jua lenye makali likipita kwa ubavu, karibu sambamba na uso wa kitu. Mwanga laini wa mbele utavifuta vinyweleo vyote na kitambaa kitaonekana kama karatasi. Zile programu za simu zinazoahidi "kulainisha" hazigusi mwanga hata kidogo. Zinapaka ukungu juu ya ngozi, na kivuli cha pua kinabaki na mstari wake katikati ya shavu lililofutwa.

Kwa hiyo chumba kikiwa na giza, sema mwanga ni hafifu, au ni mdogo, au umepungua. "Laini" lisubiri mpaka umetazama ukingo wa kivuli. Na mwenzako akikuomba upunguze mwanga ili ulainike, mwonyeshe kile kivuli kilicho chini ya pua ya anayepigwa picha, kisha mwombe huyo anayepigwa picha asogee hatua mbili kuelekea dirishani, mkitazame tena pamoja.