Localhost maana yake "hapahapa", sio "hewani"

Wiki hii nimekutana nayo tena. Kijana kamaliza website yake ya kwanza, kurasa tatu za duka la vitenge la mama yake, kazi nzuri kabisa, akaitupia kwenye grupu la WhatsApp: jamani iko hewani, ifungueni mnipe maoni, http://localhost:5500. Watu wakagusa, haifunguki. Mmoja akamwambia hosti yako mbovu, mwingine akamwambia nunua domeni kwanza, na dogo wa watu akaenda kufuta mafaili yote aanze upya wakati mafaili hayakuwa na kosa lolote. Hiyo ndo imeniuma mpaka nikae niandike.

Localhost ni jina ambalo kompyuta inajiita yenyewe, basi. Kwa namba ni 127.0.0.1, na ile 5500 ni mlango ambao programu inasikilizia, Live Server ya kwenye VS Code (programu ya kuandikia kodi) huanza na 5500, seva ndogo, yani programu ya kutoa kurasa kwa anayeziomba, inayokuja na lugha ya Python huanza na 8000. Ukifungua anwani hiyo, ombi la brauza yako halitoki nje ya mashine, linageuziwa humohumo ndani. Namba zote zinazoanza na 127, zaidi ya milioni 16, zimetengwa kwa kazi hiyo.

Kinachowavuruga watu ni hilo neno host, maana siku hizi ukisema hosti mtu anawaza kampuni unayoilipa kila mwaka. Neno lenyewe lilikuwepo kabla ya biashara hiyo. Aprili 1969, Steve Crocker, akiwa bado mwanafunzi pale UCLA Marekani, aliandika waraka wa kwanza wa mfululizo wa RFC, nyaraka za kuelezana jinsi mtandao unavyofanya kazi, na kichwa chake kilikuwa Host Software, na host hapo ni kompyuta yoyote kubwa iliyounganishwa kwenye mtandao wa ARPANET, uliotangulia intaneti, zile ambazo moja ilikuwa inatumiwa na watu kibao kwa pamoja, inawapokea. Yani mwenyeji. Na sisi neno tunalo, mwenyeji ni mwenye mji, na tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, kwa hiyo mwenyeji bila mgeni hajakamilika. Sasa kwenye localhost mgeni ni brauza yako, mwenyeji ni seva yako, wote wamo kwenye laptopu moja, mji ni mmoja na umefungwa geti.

Ndo maana hiyo linki haitumwi. Localhost ni kama neno "nyumbani", kila mtu akilisema anataja kwake. Ukimtumia rafiki yako, simu yake inajiuliza yenyewe, haikuti kitu, inakataa. Na kama na yeye ana Live Server inawaka kwenye laptopu yake ataona website yake mwenyewe, halafu mtabishana nusu saa kuhusu rangi ya menyu.

Wengine wanadhani tofauti ni ukubwa wa mashine, kwamba seva lazima iwe kwenye jengo lenye viyoyozi. Hapana. Website ya kwanza kabisa duniani, ya Tim Berners-Lee, aliyebuni web, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, ilikaa kwenye kompyuta yake ya NeXT ya ofisini, na aliibandika karatasi ya kuonya watu wasiizime kwa sababu ni seva. Kompyuta ya mezani tu! Ila wengine walikuwa na njia ya kuifikia. Swali ni hilo tu, je mtu mwingine anafika? Kujua yako iko wapi, zima data na Wi-Fi kisha rifreshi, ikifunguka vilevile na anwani ni localhost basi haijatoka nyumbani.

Na kujaribia hapo ni sahihi kabisa, wote tunaanzia hapo. Ukitaka kuiona kwenye simu, simu na laptopu ziwe Wi-Fi moja, tafuta namba ya laptopu kwa kuandika amri ya ipconfig kwenye Command Prompt kama ni Windows, mara nyingi inaanza na 192.168, uiandike kwenye simu na :5500 yake mwishoni, ikigoma angalia fayawoli, ule ulinzi wa laptopu unaozuia maombi ya kutoka nje. Halafu uipandishe, yani uweke mafaili kwenye seva ya intaneti, huduma ya GitHub Pages ni bure, na uijaribu tena upya maana localhost inaficha mambo: faili linaitwa Kitenge.JPG wewe umeandika kitenge.jpg, Windows inakuvumilia, kule juu picha haitokei.

Kwa hiyo dogo, kwenye grupu ungeandika "kwangu inafunguka, bado sijaipandisha", na watu wangekuelewa. Ila kabla hujaanza kuandika upya, fungua Recycle Bin kwanza, huenda mafaili yako bado yamo.