Daftari mnazipeleka wapi?

Koko, bibi mmoja Mutwa, alianza kujibu kabla sijamuuliza.

"Watoto sita, wawili walikufa. Shamba sina. Baba alizaliwa ndani ya msitu, walitutoa mule mimi nikingali msichana. Tunakula mara moja, jioni. Choo hakuna." Akautazama mkono wangu. "Umeshaandika?"

Sikuwa nimeandika neno. Daftari lilikuwa bado mfukoni, nami nilikuwa nimeinama nakwangua tope la njia ya Miti kwenye soli ya kiatu kwa kijiti. Niliinuka polepole. Nimefundisha mbinu za utafiti hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa miaka mingi, na mpangilio ule naujua: familia, ardhi, kuhamishwa, chakula, choo. Ndio mpangilio wa dodoso letu. Choo hukaa mwisho wa ukurasa wa pili. Mama huyu ambaye hakukanyaga hata darasa la kwanza alikuwa amelihifadhi dodoso zima kichwani, kama mtu alivyohifadhi Baba Yetu.

Nilimuuliza ni nani waliomuuliza hayo yote.

"Bengi. Wa moto (pikipiki), wa jeep, wanafunzi. Wanaandika, wanapiga foto, wanatuachia sabuni na chumvi. Lakini weye mwenye unaonekana mukubwa, niambie mwana wangu: zile daftari munapelekaka wapi?"

Nilimjibu kitu cha kijingajinga kuhusu universite. Jibu lenyewe limenichukua muda, na naliandika hapa.

Kwanza jina la watu wa Koko, maana bila hilo tutagombana kwenye maoni. Kwa Kifaransa cha ofisini wanaitwa "peuples autochtones", yaani wenyeji wa asili, na katika mashirika ya Bukavu utasikia kwa ufupi "ba-PA", kana kwamba ni aina ya karatasi. Tatizo ni kwamba hapa Kivu neno "autochtone" kila mtu analivuta upande wake. Mushi, wa kabila la Bashi, atakuambia yeye ndiye mwenyeji, Mutembo, wa kabila la Batembo, naye vilevile, na katika siasa zetu neno hilo limetumika zaidi kumfukuza jirani kuliko kumlinda mtu. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2022, ile namba 22/030 ya tarehe 15 Julai, ililazimika kuongeza neno "Pygmées" ili ieleweke inamhusu nani. Wao wenyewe, upande huu wa Kabare na Kalehe, hujiita Batwa. Ituri utasikia Bambuti. Mimi nitasema Batwa. Wanaosema "mbilikimo" waulizwe kama wangelikubali kuitwa kwa kimo chao.

Sasa msitu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000. Mwaka 1980 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Batwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa bila ardhi nyingine na bila fidia, wakajikuta kwenye vilima vya watu, wakilima shamba la mwingine kwa malipo ya maharage. Mwaka 2015 kesi yao ilifikishwa kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2024 ulisema serikali ya Kongo ilivunja haki zao.

Msitu uleule waliotolewa uligeuka kuwa uwanja wa sayansi. Gorila wa nchi tambarare ya mashariki wanajulikana duniani kwa sababu ya Kahuzi, na waliowafuata wale gorila siku za mwanzo, waliojua kusoma jani lililokunjwa na kinyesi kilichopoa, walikuwa Batwa. Bila wao hakuna mtafiti angelifika karibu na kundi hata moja. Basi soma makala za kisayansi za Kahuzi. Gorila ana jina: Kasimir, Chimanuka. Utajua alizaa na nani na aliumwa lini. Aliyemwonyesha mtafiti alipo, mara nyingi utamkuta mwishoni kabisa, kwenye mstari wa shukrani, chini ya neno "wafuatiliaji". Wingi, bila jina.

Hapo wasomaji wangu wa Bukavu huwa wananipigia makofi, kwa sababu wanadhani ninawasema Wazungu.

Ngojeni. Mwaka 2020 watafiti wa mji huu walitoa mfululizo wa maandiko ulioitwa Bukavu Series. Walisema kwa uwazi mambo tuliyokuwa tukinong'onezana kwenye nganda, yaani baa: kwamba asista (msaidizi wa mtafiti) wa hapa ndiye anayepanda moto kwenda kwenye hatari, ndiye anayetafsiri, ndiye anayejua kapita (mkuu wa kijiji) yupi hapendi kuulizwa nini, kisha makala inatoka Ulaya na jina lake halimo. Nililisifu lile andiko na bado nalisifu. Lakini Koko hakuniuliza kuhusu Mzungu. Wale wa moto ni sisi. Wanafunzi ni wangu. Tulilolilalamikia tulipotendewa sisi ndilo tunalolitenda kilomita 30 kutoka mjini, na tunalitenda kwa dodoso nililofundisha mwenyewe, ubaoni, kwa chaki.

Daftari zinakwenda wapi, basi? Zinaingia Bukavu, zinakuwa memwari, yaani tasnifu ya kumaliza chuo. Memwari inachapwa nakala tano au sita: za jopo, ya direkta anayesimamia, ya maktaba, moja ya mama mzazi ili aiweke sebuleni karibu na picha ya toga. Ya maktaba inapata namba, inapanda kwenye rafu, na mchwa wanaifikia kabla ya msomaji. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anachukua mada ileile ("Hali ya maisha ya Batwa wa…", jaza kijiji) na kwa kuwa hakusoma ile ya kwanza, anapanda moto. Zile chache zinazokuwa makala zinatoka kwa Kifaransa au Kiingereza, nyingine zimefungwa hadi ulipe kwa dola. Kijijini wanazungumza Kimashi na Kiswahili.

Hilo ni la upande wa wanaoandikwa. Kuna upande wa pili ambao tunausahau, kwa sababu tumezoea kwamba Mutwa yuko kule na mwanafunzi yuko huku.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kijana darasani, mkimya, anakaa nyuma upande wa dirisha. Kimashi chake kilikuwa safi kuliko cha wengi. Kozi niliyoirithi ilikuwa na sura moja juu ya "jamii za wawindaji", imeandikwa yote kwa wakati uliopita: waliishi, waliwinda, waliamini. Nilikuwa nikiisoma kama ilivyo. Siku moja baada ya somo alinifuata kwenye ngazi, akangoja wenzake wapite.

"Prof, hiyo sura, nitajibu vipi kwenye mtihani?"

"Jibu kama ilivyo kwenye silabasi."

"Nikijibu hivyo, mama yangu atakuwa amekufa."

Ndivyo nilivyojua kwamba ni Mutwa. Wenzake hawakujua, na aliniomba nisiwaambie. Alikuwa amemaliza sekondari kwa kujificha hivyohivyo, kwa sababu katika shule ya kwanza alikojulikana, wenzake walikataa kunywa kikombe kimoja naye. Fikirieni njia aliyopita. Shule ya msingi imekuwa bure tangu 2019, lakini yeye aliipitia kabla ya hapo. Sekondari inalipiwa hadi leo. Kisha kuna Diploma ya Serikali na ada zake, cheti cha kuzaliwa ambacho mtoto aliyezaliwa kwenye shamba la mtu hakukipata, kisha minervali (ada ya chuo), silabasi za kununua, chumba mtaa wa Kadutu, kuchapisha memwari. Alisaidiwa na mradi. Mradi uliisha akiwa mwaka wa pili, kwa sababu miradi huisha kwa kalenda ya mfadhili. Parokia ikamalizia.

Akachagua kuandika memwari juu ya kijiji chake. Aliandika vizuri. Alikuwa na kitu ambacho sisi wengine hatukukipata kwa miaka yote: alieleza watu wanavyokubaliana wao kwa wao ni nini cha kumwambia mtafiti na ni nini cha kubaki ndani. Siku ya kujitetea, mmoja wa jopo alivua miwani akamwambia, "Unakosa umbali. Mtu hawezi kuchunguza ukoo wake." Nilikuwa kwenye meza ileile. Wiki ileile, katika chumba kilekile, Mushi alikuwa ametetea memwari juu ya mahari ya Bashi, akapongezwa kwa "kuifahamu jamii yake kutoka ndani". Nilisema jambo, kwa sauti ndogo, nikanyamazishwa kwa adabu. Alipata alama za kupita, chini ya alizostahili. Bado najiuliza kwa nini sikusema kwa sauti kubwa.

Wenzangu huniuliza: sasa tufanyeje, tuache utafiti? Wengine huuliza kwa hasira. Mimi nawapeleka kusini mwa Afrika, kwa Wasan, wenyeji wa asili wa huko. Mwaka 2010 jarida kubwa la sayansi lilichapisha ramani za urithi wa damu (jenomu) za Wasan wanne wa Namibia. Wale wanne waliulizwa mmoja mmoja wakakubali. Viongozi wao hawakuulizwa, na walilalamika: urithi wa damu ni wa ukoo mzima, mtu mmoja hawezi kuutoa kama anavyotoa kuku wake. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini wakatoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa watafiti: heshima, ukweli, haki, kujali, na utaratibu wa kufuata. Kiongozi wao mmoja, Andries Steenkamp, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa akisema mtafiti apite mlangoni, asiingilie dirishani.

Mswahili yeyote analielewa hilo bila semina. Mgeni hupiga hodi. Dirisha letu la Bukavu ni fomu ya ridhaa: ukurasa mmoja wa Kifaransa, mtu anaweka kidole gumba kwenye wino, tunasema amekubali. Nimeacha kuitumia hivyo. Sasa natuma ujumbe kabla, kikao kinakaa bila mimi, na jibu linaweza kuwa hapana. Nimeshaambiwa hapana mara mbili. Mara moja nilikuwa tayari nimeshapokea pesa ya utafiti. Ilibidi nimwandikie mfadhili barua ya aibu.

Jambo la pili ni kurudi. Mara ya kwanza niliporudi na matokeo niliyasoma kwa Kiswahili chini ya mti wa avoka, watu wamekaa kwenye nyasi. Nilikuwa nimeandika kwamba watoto wa Batwa huacha shule mwezi wa Januari kwa sababu ya "mazoea ya kuhamahama". Kicheko kilianzia kwa akina mama. Mmoja akaniuliza kama ninajua maharage yanavunwa lini. Januari. Ndio wakati pekee ambapo mkono wa mtoto unalipwa, kikapu kwa kikapu, na kikapu hicho ndicho ada ya muhula. Hakuna aliyekuwa akihama. Sentensi yangu ya kuhamahama ilikuwa tayari imechapishwa, na ninaikuta hadi leo, imenukuliwa na watu wawili ambao sijui kama waliwahi kufika.

Kazi yangu ya huko imesimama tangu Februari 2025 mji wa Bukavu ulipobadilisha mikono vitani, kwa hiyo haya ni ya kabla.

Yule kijana, alipomaliza, alichapa nakala moja zaidi kwa pesa yake akaipeleka nyumbani. Inakaa kwa kapita, ndani ya mfuko wa plastiki, imening'inizwa kwenye boriti ili panya wasiifikie. Wamejiwekea sheria: anayekuja na dodoso anapewa kwanza hiyo aisome palepale, kisha aseme ni swali gani lililobaki ambalo halijajibiwa. Mwanafunzi wangu mmoja alirudi mjini amenuna, ananishtakia kwamba wamemnyima mahojiano. Nilimuuliza kama aliisoma. Alisema alifika ukurasa wa 40, mvua ikaanza, na dereva wa moto alikuwa anataka kuondoka.