Breki ikibonyea si lazima oili imepungua

Hapa Mtwara, breki ya diski ya pikipiki ikianza kubonyea kama sponji, bodaboda wengi hukimbilia kuongeza oili. Wapo wanaomimina hata ya injini, jamani! Hiyo huvimbisha mipira ya pampu na kuiharibu.

Mara nyingi tatizo ni hewa iliyoingia kwenye mfumo: oili haishindiliki, hewa hushindilika. Dawa ni kutoa upepo. Bana mkono wa breki, legeza nati ya kutolea, kaza, ndipo uachie. Rudia mpaka mapovu yaishe, na kikopo cha oili kisikauke.

Oili ikishuka polepole bila kuvuja, tazama pedi. Zikilika, pistoni husogea nje na oili huifuata. Oili za breki za aina ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi gereji ya Mikindani tangu mwaka jana, usiiguse.