Kanjo si polisi wa jiji

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji 2021 watu wanasema sasa tuna polisi wetu wa jiji, na Kisumu wanasema hivyo hivyo kitambo. Hapana. Kanjo ni askari wa kaunti, kazi yao ni sheria ndogo za kaunti kama paking na hawka. Simu ikiibiwa stendi, nenda stesheni ya polisi uandikishiwe OB, ile buku ya matukio, kanjo hana hiyo buku.

Polisi wote ni wa taifa, Katiba ya 2010 iliweka Kenya Police na AP (polisi wa utawala) chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Ile yunifomu ya bluu ya 2018 ndo ilichanganya wengi, lakini ilikuwa ya nchi nzima jamani.