Ngozi ya mzee aliyelala kitandani haisuguliwi

Wengi wanaomuuguza mzee asiyeweza kujigeuza huambiwa wasugue kwa spiriti pale ngozi ya makalio ilipobadilika rangi, ati damu itembee. Kumbe mishipa midogo ya pale imeshabanwa kati ya mfupa na godoro. Kusugua huiumiza zaidi, na spiriti hukausha ngozi. Bonyeza kwa kidole, achia: wekundu usipofifia, kidonda cha kulalia kimeshaanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo papasa joto, ugumu au maumivu. Mgeuze kila saa 2 hivi, alalie ubavu kwa kuinama nusu tu, mto ukimshikilia mgongoni. Mto mwingine ukae chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro. Ule mpira wa duara wa kukalia nao uweke kando. Hubana damu kuzunguka tundu lake.