Kipepeo wa kahawia wa chini ya miti: wa masika na wa kiangazi ni yule yule

Picha tunazotumiwa zaidi kwenye kitengo chetu cha wadudu ni za vipepeo wawili wadogo wa kahawia, mmoja ana madoa kama macho pembeni ya mabawa, mwingine hana kitu, yani kama jani kavu tu, na watu wanauliza hizi aina mbili zinaitwaje. Mara nyingi ni aina moja jamani, Bicyclus anynana, anapatikana Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini.

Kumjua sio kazi. Mabawa yakifunguka hayafiki mbali, kama sentimita 4 hivi, anaruka chinichini kivulini pembeni ya msitu na akitua anafunga mabawa. Maua hana habari nayo sana, mtafute kwenye matunda yaliyoanguka na kuanza kuchacha. Ukisogea karibu hesabu miguu, utaona minne tu, ile miwili ya mbele ni midogo kaikunja kifuani. Doa lenyewe lina nukta nyeupe katikati, kisha duara jeusi, kisha duara la njano. Ila ana ndugu zake wanaofanana naye sana, kwa hiyo kwa picha tu wakati mwingine tunaishia kusema ni Bicyclus basi, yani jina la kundi lao bila kutaja aina.

Jike anataga kwenye majani ya nyasi, yai moja moja. Kiwavi anatoka na kula nyasi hizo hizo, kichwani ana vipembe viwili na mkia umegawanyika, anajivua ngozi mara kadhaa, halafu anajining'iniza kichwa chini na kuwa pupa. Kwenye joto la nyuzi 27 safari nzima ni kama mwezi, baridi ikizidi inachukua muda mrefu zaidi. Maabara za Ulaya zimemfuga tangu 1988, mbegu ilitoka Nkhata Bay huko Malawi, na wanamlea kwa miche ya mahindi na ndizi mbivu, anakula vizuri kuliko wanafunzi wengi wa chuo.

Sasa madoa. Uamuzi unafanyika akiwa bado kiwavi mkubwa anayekaribia kuwa pupa, joto likiwa juu ekdisoni, homoni ya kujivua ngozi, inapanda mapema na madoa yanatoka makubwa, kukiwa na ubaridi inachelewa na madoa yanakuwa vinukta. Kule Malawi ubaridi unaanza masika yakiisha, kwa hiyo kiwavi anakuwa kama kapewa taarifa kabla ya ukame. Wa masika anazaa haraka maana nyasi zipo, wa kiangazi anakaa kwenye majani makavu asionekane, anaweza kuishi miezi kadhaa akisubiri mvua ndo atage. Na madoa yana kazi kweli, kwenye majaribio vunjajungu walikuwa wanayashambulia hayo, kipepeo anapoteza kipande cha bawa lakini mwili unabaki salama, ndo maana ukikuta mwenye pembe ya bawa iliyomegeka usishangae.

Ukitutumia picha piga ubavuni akiwa kafunga mabawa, upande wa chini ndo tunaouhitaji, andika tarehe na sehemu, na kama mvua ilikuwa imeshaanza au bado.