Je, wajua kwa nini risasi, ile metali ya betri za magari, aliyoimeza msichana humfikia mtoto atakayemzaa miaka mingi baadaye?

Jibu limo mifupani. Mwili hauna kazi yoyote na metali hii, lakini hushindwa kuitofautisha vizuri na kalsiamu. Kwa hiyo huiweka palepale kalsiamu inapowekwa. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo mwilini imo katika mifupa na meno, na inaweza kukaa huko miongo kadhaa. Kenya iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Mwanamke aliyekulia kando ya barabara kuu ya Nakuru kabla ya hapo aliuvuta moshi ule utotoni, na huenda leo ndiye anayehudhuria kliniki ya wajawazito.

Mtoto aliye tumboni hujenga mifupa yake, hasa miezi mitatu ya mwisho, na kalsiamu yote huitoa kwa mama. Chakula cha mama kisipotosha, mwili wake huikwangua mifupa yake mwenyewe. Kalsiamu ikitoka, risasi hutoka nayo na kuingia kwenye damu.

Wengi hudhani kondo la nyuma ni ukuta. Kazi ya kondo ni kupitisha, na risasi hupita kwa urahisi mno, hata damu ya kitovu huwa na kiwango kinachokaribia cha mama. Zebaki inayotokana na samaki waliochafuliwa hufika mbali zaidi: hujikusanya kwa mtoto kupita kwa mama. Huko Minamata, Japani, ambako maradhi ya taka za kiwanda zenye zebaki yalitambuliwa mwaka 1956, akina mama wenye dalili hafifu walizaa watoto wenye ulemavu mzito wa ubongo. Kadimi, metali nyingine yenye sumu iliyomo katika moshi wa sigara, hunaswa kwa wingi na kondo lenyewe, lakini huko nako huvuruga upitishaji wa zinki, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Kwetu magharibi mwa Kenya, zebaki huja na dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Migori na Kakamega huichanganya na mawe yaliyosagwa ili ishike dhahabu, kisha donge hilo huchomwa. Zebaki huruka kama mvuke usioonekana wala kunuka, ukaingia mapafuni mwa yeyote aliye karibu. Kulichomea donge hilo jikoni, mjamzito akiwa hapohapo, ni jambo linalonitisha kuliko yote niliyoyataja.

Halafu kuna odowa, vile vipande vya udongo mgumu vinavyouzwa sokoni Kisumu na kutafunwa sana na wajawazito. Mwanamke huyu asichekwe wala kukaripiwa. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, yaani mwili umekosa madini ya chuma. Tatizo ni kwamba udongo unaoliwa, ulipopimwa katika nchi mbalimbali, umekutwa na risasi na sumu ya aseniki. Tena utumbo wenye njaa ya chuma hufyonza risasi zaidi, kwa sababu metali hizi mbili hupitia mlango mmoja. Na udongo huweza kukishika chuma kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe, damu ikazidi kupungua na hamu ikarudi. Kumwambia tu aache, bila kumtibu upungufu wa damu, ni kumwacha palepale.

Ndiyo maana vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vina faida kuliko wengi wanavyofikiri, na omena anayeliwa na mifupa yake ni kalsiamu ya bei nafuu ziwani kwetu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kalsiamu kwa wajawazito wenye mikrogramu 5 za risasi au zaidi katika desilita moja ya damu, ikiwa chakula chao hakiwapi kalsiamu ya kutosha. Shirika hilohilo linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mume naye ana sehemu yake. Fundi anayevunja betri kuukuu hurudi na vumbi la risasi kwenye nguo na nywele. Aoge na kubadilisha nguo kabla ya kuingia nyumbani, na nguo hizo azifue mwenyewe, kando na za wengine, mke asizishike.